Kayaki yako ina shida gani? Dalili, sababu na dawa zake

Ukivuka daraja la Kilifi Jumapili asubuhi ukatazama chini kwenye hori, utaziona: nyekundu, manjano, kijani cha ndimu, zimetapakaa katikati ya mitumbwi ya wavuvi. Zamani kidogo kayaki ilikuwa chombo cha wageni wa hoteli. Sasa ziko Watamu, Diani, Lamu, Paje na Kisumu, na hata Nairobi, ambako bahari haionekani, ziko kwenye roshani za ghorofa ya nne, zimesimamishwa wima kando ya kamba ya kuanikia nguo. Ulaya na Marekani hamu hiyo ilipanda ghafla mwaka 2020, wakati wa korona, watu walipotafuta starehe isiyohitaji kukusanyika. Maduka mengi yakaishiwa kayaki kabisa. Kwetu imeingia taratibu zaidi, lakini imeingia kweli.

Mwenye kayaki mpya humkosi. Mabega yameungua ila pale palipofunikwa na jaketi la kuokoa maisha. Gari lake dogo limebeba kitu kirefu kuliko gari lenyewe. Ukimuuliza habari za watoto, atakujibu habari za upepo. Nawapenda watu hawa, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu, kwa sababu wengi huingia majini kwa furaha na kutoka na malalamiko, kisha chombo kizuri hugeuka kuwa kiota cha kuku nyuma ya nyumba.

Malalamiko yao karibu yote huanza vilevile: kayaki inavuta, kayaki inatikisika, kayaki inavuja. Mara nyingi chombo ni kizima. Kilichokosekana ni mapatano kati ya chombo na mwili wa aliyekipanda. Wainuiti wa Greenland, ambao kayaki ilikuwa chombo chao cha kuwindia sili, walilimaliza jambo hilo kabla ya kuanza kujenga. Kwa mapokeo yao, urefu wa kayaki ulikuwa karibu mara tatu ya mikono ya mwindaji ikinyooshwa pande mbili, na upana wake ulikuwa nyonga zake mwenyewe, ukiongeza ngumi mbili. Fremu ilikuwa ya mbao zilizoletwa ufukoni na maji, na ngozi za sili zilishonwa na wanawake kwa mshono usiopitisha tone. Kayaki ya plastiki ya leo imetoka kwenye kalibu moja kwa watu wote, mwenye kilo 55 na mwenye kilo 110. Kazi ya kuipatanisha na mwili umeachiwa wewe. Basi katika kila dalili hapa chini nimeanza na sababu zisizogharimu kitu. Usinunue chochote kabla ya kuzimaliza hizo.

Inavuta upande mmoja

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina sababu nyingi zinazofanana kwa macho. Fanya jaribio moja kwanza. Piga makafi kwenda mbele kama mita 100, geuka, urudi njia ileile. Ukienda, ilivuta kushoto. Ukirudi, imevuta kulia? Yaani mara zote mbili imeelekea mahali pamoja, tuseme upande wa mikoko? Basi ni upepo au mkondo. Ikiwa imevuta kushoto kwako kwenda na kushoto kwako kurudi, sababu iko ndani ya chombo au ndani yako.

Tuanze na upepo. Kayaki ikiwa inakwenda, omo, yaani ncha ya mbele, hukaa imebanwa na maji inayoyasukuma, lakini tezi, ncha ya nyuma, haikubanwa na kitu. Upepo wa ubavuni ukivuma, husukuma tezi kuelekea demani, upande upepo unakokwenda, na omo hugeuka kuukabili upepo. Ni tabia ya kayaki karibu zote, wala si ugonjwa. Kama chombo chako kina pezi la kushusha chini ya tezi, lishushe. Kama hakina, sogeza mzigo nyuma kidogo ili tezi izame na kushika maji, na upande wa joshi, unakotoka upepo, piga kafi kwa mkono mrefu, bapa lake likizunguka mbali na chombo badala ya kupita karibu na ubavu. Ikitokea kinyume, omo ikakimbia upepo, basi mzigo umezidi nyuma, urudishe mbele. Wengi hujaza barafu na maji ya kunywa nyuma ya kiti kwa sababu ndiko kuna nafasi, kisha wanashangaa.

Kama si upepo, jiangalie wewe. Mwenye kutumia mkono wa kulia huvuta kwa nguvu zaidi kulia, na omo huenda kushoto. Kafi nalo husogea mkononi bila mtu kuhisi, mpaka upande mmoja wa mpini unakuwa mrefu kuliko mwingine. Funga utepe wa fundi umeme katikati ya mpini, na viwili vingine pale mikono inapotakiwa kukaa. Baada ya nusu saa utaona mikono imehama kiasi gani. Kisha tazama vikanyagio vya miguu. Kimoja kikiwa tundu moja mbele ya kingine, nyonga hukaa mshazari na chombo chote hufuata. Mfuko wa nyuma nao huchangia: simu na pochi chini ya kalio moja vinatosha kulaza kayaki upande.

Na kafi lenyewe umelishika sawa? Makafi mengi yana bapa lenye upande wa bonde na upande wa mgongo. Bonde ndilo linalokutazama. Lina pia ukingo mrefu na mfupi, na ule mrefu hukaa juu. Njia rahisi ya kukagua ni maandishi ya kiwandani: yakisomeka kichwa chini, kafi liko kichwa chini. Nimewaona watu wazima wenye nguvu wakihangaika asubuhi nzima kwa sababu hiyo moja, na baada ya kuligeuza wakacheka hadi wakaacha kupiga makafi.

Ikiwa bado inavuta, mpe mtu mwingine aipande. Ikimvuta na yeye upande uleule, ipandishe mchangani, iinamishe, utazame mkuku, ule uti wa chini ya chombo, ukiwa nyuma ya tezi kwa jicho moja. Plastiki iliyokaa vibaya juani hupinda, na mkuku uliopinda huongoza chombo kokote unakotazama. Dawa yake iko chini, kwenye sehemu ya jua.

Kuna hali moja ambayo haina dawa. Kama kayaki yako ni fupi, mita 2 na kitu, na chini yake imepinda kama ndizi, hiyo ilitengenezwa kwa mito yenye maporomoko, kama vijana wa Jinja wanavyoitumia kwenye Mto Nile. Huko lazima chombo kizunguke haraka kati ya miamba. Kwenye maji tulivu itazunguka vilevile, kwa sababu ndiyo kazi yake. Hujakosea kuipiga kafi. Umeipeleka mahali pasipo pake.

Inatikisika, inakwenda mrama

Ngalawa ina matengo pande mbili, yale mabawa ya mbao yanayoizuia kupinduka. Kayaki haina kitu, na kazi ile hufanywa na nyonga zako. Mpandaji mpya hukaza mwili kuanzia shingo hadi vidole vya miguu, kwa hiyo kila kijiwimbi kinachoinua chombo kinamwinua na yeye. Legeza kiuno. Acha chombo kitikisike chini yako, kifua kibaki kimesimama. Tazama mbali, ng'ambo ya hori; anayetazama magoti yake hupinduka. Na kafi liwe majini. Bapa lililozama hukupa mahali pa kuegemea, ndiyo maana mtu akiogopa na kuinua kafi juu kama mwenye kuomba msaada, hapo ndipo anapoanguka.

Baada ya hapo angalia unakaa juu ya nini. Kiti kilichoinuliwa kwa mto wa sofa, au mtu aliyekaa juu ya sanduku la barafu ili aone samaki vizuri, vyote huinua uzito. Sentimita 10 tu hubadilisha chombo kizima.

Usichanganye mtikisiko na hatari. Kayaki pana ya kukalia juu, ya sentimita 75 hivi, hutulia sana kwenye maji shwari, lakini ikishalala kupita kiasi hupinduka kwa mara moja. Ile nyembamba ya safari za baharini, ya sentimita 55 au 60, hutikisika tangu unapoingia, kisha ikilala upande hushikilia. Wengi waliouza kayaki nyembamba baada ya wiki moja waliuza chombo ambacho kingewapenda wiki ya tatu.

Maji ndani

Kwanza tujue ni maji gani. Kayaki ya kukalia juu ina mashimo yanayopita kutoka kiti hadi chini ya chombo. Maji huingia kupitia hapo na kutoka hapohapo, hakuna uvujaji. Ukikaa kwenye dimbwi wakati wote, uzito umezidi. Punguza mzigo, au ziba mashimo ya chini ya kiti kwa vizibo vyake, ukikumbuka kwamba wimbi likivunjikia ndani maji hayatatoka tena yenyewe.

Maji ya kuogopa ni yale ya ndani ya mwili wa chombo, unayoyasikia yakikimbia kutoka omo hadi tezi. Hayo huhama na kila mtikisiko na kuulaza upande uleule ambao tayari umelala. Ukiyasikia, rudi ufukoni. Usingoje kumaliza safari. Kisha tafuta kwa mpangilio huu.

Kizibo cha tezi. Kilifunguliwa nyumbani ili chombo kikauke, kikasahauliwa mezani jikoni. Kifunge kwa uzi kwenye chombo chenyewe na shida hiyo imekufa.

Vifuniko vya tumbo. Mchanga chembe moja kwenye mpira wa kifuniko unatosha. Osha, paka mafuta kidogo ya silikoni.

Skrubu. Hapa ndipo wavuvi wa kayaki wanaponipa kazi. Mtu ananunua kishikio cha mshipi, halafu cha pili, halafu chombo cha kuonyesha samaki na betri yake, halafu kishikio cha simu ya kupigia picha samaki ambaye bado hajapatikana. Kila kimoja kina skrubu nne, na kila skrubu ni tundu. Fungua moja moja, weka gundi ya baharini, rudisha.

Ufa. Mara nyingi huwa kwenye ukingo wa yale mashimo ya kiti, hasa kama chombo huburutwa au hupandishwa kwenye kigari chenye nguzo zinazoingia humo. Ili uuone, mimina ndoo ya maji ndani ya chombo kikiwa juu ya magogo, kiinamishe huku na huku, utazame panapolowa nje. Kama hapaonekani, paka maji ya sabuni, funga vyote, kisha pulizia hewa kupitia tundu la kizibo, mapovu yatakuonyesha.

Kuziba ufa ndiko watu wanakopoteza pesa. Kayaki hizi ni za polietilini, na polietilini haishikani na gundi. Epoksi itakaa siku mbili na kubanduka. Utepe utakurudisha ufukoni, hautakupeleka wiki ijayo. Kinachofaa ni kuchomelea kwa moto, kwa ufito wa plastiki ya aina ileile. Na habari njema ni kwamba fundi huyo tunaye kila mji. Matangi meusi ya maji yaliyo juu ya mapaa yetu ni ya plastiki hiyohiyo, yametengenezwa kwa njia ileile ya kalibu inayozungushwa kwenye joto. Fundi anayechomelea matangi ataichomelea kayaki yako. Mwambie asiunguze hadi moshi mweusi, na atoboe kijitundu kidogo kila ncha ya ufa kabla ya kuchomelea ili usiendelee kukimbia.

Mgongo unawaka, miguu ganzi, viganja vina malengelenge

Mgongo huuma kwa sababu unavuta kwa mikono. Kafi huvutwa kwa kiwiliwili: bega linakwenda mbele, mguu wa upande ule unasukuma kikanyagio, kiuno kinajizungusha, mkono unafuata tu. Kama miguu yako haigusi vikanyagio, huwezi kufanya hivyo hata ukitaka. Visogeze mpaka magoti yapinde kidogo, yasinyooke kabisa. Miguu kufa ganzi mara nyingi ni kiti kinachobana nyuma ya mapaja. Inua kidogo ukingo wa mbele au shuka ufukoni kila saa.

Malengelenge ni mshiko wa hofu. Unaposukuma, vidole vya mkono wa juu viweze kufunguka. Glavu husaidia, mshiko husaidia zaidi.

Wapo wanaosema ni umri. Mpolandi Aleksander Doba alianza kuvuka Atlantiki kwa kayaki mwaka 2010, akiwa na miaka 64, kutoka Dakar hadi Brazili, siku 99. Alivuka tena, na mara ya tatu, mwaka 2017, alitoka Marekani akiwa na miaka 70 na kufika Ufaransa. Maisha yake yaliishia kwetu: alifariki kileleni Kilimanjaro Februari 2021, akiwa na miaka 74. Kwa hiyo kabla ya kulaumu miaka, sogeza vikanyagio.

Umepinduka na huwezi kupanda tena

Kila mwenye kayaki hujua kuipanda kutoka mchangani. Wachache wamewahi kujaribu kuipanda maji yakiwa marefu, na huo ndio upungufu ninaouogopa kuliko yote yaliyomo humu.

Ukianguka, shika chombo. Kuogelea kukifuata katika upepo huwezi. Kayaki tupu hukimbia. Ipindue ikae sawa. Nenda katikati ya ubavu wake, si kwenye ncha. Lala juu ya maji ukipiga miguu mpaka mwili uelee bapa, kisha jivute hadi kitovu kifike katikati ya kiti. Tumbo, halafu makalio, halafu miguu, kwa utaratibu huo. Anayeanza na goti hupinduka upya. Jaribu kwanza maji yakiwa ya kiunoni, mwenzako akiwa kando, halafu maji ya kifuani, halafu pasipo na chini. Rudia mpaka ikuchoshe. Ukishindwa kujivuta kwa sababu jaketi linapanda usoni, mikanda yake imelegea. Irekebishe ukiwa ufukoni.

Kayaki ya kukalia ndani ni shule nyingine. Itajaa maji, na bila pampu na mwenzako hutaimaliza. Wagreenland, ambao maji yao huua kwa baridi, walijifunza kujigeuza na kurudi juu bila kutoka ndani ya chombo, na hadi leo wana mashindano ya taifa ambamo mitindo hiyo hushindaniwa. Kama umenunua ya aina hiyo, tafuta wa kukufundisha kabla ya kwenda mbali.

Jaketi huvaliwa. Likiwa limefungwa nyuma ya kiti ni mzigo tu. Filimbi iwe shingoni, simu iwe kwenye mfuko usioingiza maji na mfuko uwe mwilini mwako, maana chombo kinaweza kuondoka nayo.

Uliondoka na bahari, umerudi kwenye tope

Hii si dalili ya kayaki hata kidogo, lakini huletwa kwangu kama ya kayaki: "Ni nzito, haivutiki." Haivutiki kwa sababu inavutwa juu ya matope nusu kilomita.

Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4. Mida, kule Watamu, hori pana iliyozungukwa na mikoko hubaki na mifereji michache tu. Paje na Jambiani bahari hurudi hadi karibu na mwamba, na anayeondoka bila kuuliza atarudi kwa miguu akiburuta plastiki juu ya mawe. Maji mafu, siku ambazo tofauti hiyo ni ndogo, ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Panga safari zako za kwanza hapo.

Kati ya kujaa na kupwa kuna kama saa 6 na dakika chache, na kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika 50. Maji hayatembei kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza yanajivuta, saa ya tatu na ya nne yanakimbia. Kayaki ya kawaida huenda kama kilomita 5 kwa saa ukiwa mzima. Kwenye mlango mwembamba mkondo unaweza kukula mwendo wote huo, na hapo mtu hupiga makafi kwa bidii akiutazama mkoko uleule.

Jedwali za maji zipo na zisomwe. Lakini yupo pia mzee anayetengeneza wavu wake chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda na hicho?"

"Ndiyo. Nataka kufika kule kwenye visiwa vya mikoko."

"Nenda. Lakini mkondo ukigeuza omo yako, nawe geuka. Leo ni bamvua."

Salamu moja imewaokoa watu wengi kuliko jedwali. Mwulize na upepo. Kusi ya Juni hadi Agosti haimngoji mtu, na maji yanayopwa yakitoka mlangoni mwa hori huku upepo ukiingia, mawimbi husimama mafupi na makali pahali ambapo asubuhi palikuwa kioo. Upepo unaotoka bara hudanganya zaidi: kando ya ufuko maji yametulia kabisa, na kadiri unavyokwenda nje ndivyo unavyosukumwa. Siku hiyo anza safari kwa kwenda dhidi ya upepo, ukitambaa na ufuko, ili kurudi kuwe rahisi.

Ya watu wawili: ugomvi

Wapiga makafi wanaozungumza Kiingereza wamezoea kuiita kayaki ya watu wawili mashua ya talaka, na kila mwenye kukodisha kayaki ufukoni anajua kwa nini. Dalili: makafi yanagongana, chombo kinakwenda nyoka, wa mbele amelowa, wa nyuma anatoa amri, na wakifika ufukoni kila mmoja anabeba ncha yake bila kusema.

Sababu ni mgawanyo wa kazi. Wa mbele ndiye mwenye mwendo. Hamwoni wa nyuma, kwa hiyo hawezi kumfuata. Wa nyuma ndiye anayemwona mwenzake na ndiye anayegeuza chombo, kwa hiyo yeye ndiye wa kufuata mpigo. Wakilijua hilo tu, makafi hayagongani. Mzito akae nyuma. Wa mbele apunguze mwendo, kwa sababu akikimbia wa nyuma anapoteza nafasi ya kuongoza na chombo kinaanza kuyumba. Na wa nyuma aache kusema "vuta, vuta". Mwenzake hana namna ya kujua kama wewe nyuma unavuta, na shaka hiyo ndiyo mwanzo wa maneno. Kama ni mume na mke, safari ya kwanza iwe fupi na iishie mahali penye chakula.

Chini imebonyea

Jua na mikanda. Polietilini ikipata joto huwa laini na hufuata umbo la kinachoikandamiza. Kayaki iliyolazwa juu ya mbao mbili mwezi mzima, au iliyofungwa kwa nguvu juu ya gari na kuachwa mchana kutwa, hutoka na bonde. Ondoa vitu vyote, iweke juani bila kukandamizwa, ikishapata moto sukuma bonde kutoka ndani. Likigoma mwagia maji ya moto na usukume tena, kisha ipoze kwa maji baridi ukiwa bado umeishikilia. Mkuku uliopinda hunyooshwa vivyo hivyo. Baada ya hapo ihifadhi kwa ubavu, kivulini. Banda la makuti linatosha.

Juu ya gari inavuma

Mkanda bapa ukipigwa na upepo hutetemeka na kutoa mlio unaokera tangu Mtito Andei hadi Mariakani. Upinde mara moja kabla ya kuukaza, mlio utakoma. Laza chombo kifudifudi, mikanda miwili juu ya keria, na kamba moja kutoka omo hadi mbele ya gari ili kisinyanyuke. Kaza mpaka kisicheze, usikaze mpaka kiugue. Kinachozidi nyuma ya gari kifungie kitambaa chekundu. Kama huna gari, usijisikitikie: mwaka 1865 Mskoti John MacGregor alizunguka mito ya Ulaya na mashua yake ya kafi la ncha mbili, akiipandisha treni na mikokoteni. Mkokoteni wetu unaibeba kayaki vizuri kuliko magari mengi, na mwenye mkokoteni anajua njia ya ufukoni.

Haitoki nyumbani

Mwenyewe atakwambia hana muda. Kwa kawaida ana muda; hana wa kumsaidia kunyanyua. Kilo 28 si nyingi kwa watu wawili, na kwa mmoja mwenye mgongo wa ofisini zinatosha kuahirisha Jumamosi hadi Jumamosi. Hesabu hatua kutoka inapolala hadi maji yalipo, na kila mlango na kila ngazi. Kigari cha magurudumu mawili hupunguza nusu ya shida hiyo. Nusu nyingine huisha ikihamishiwa karibu na maji: zungumza na wenye nyumba za ufukoni au chama cha wavuvi, ulipe kidogo kwa mwezi, ufunge kwa mnyororo. Aliye Nairobi na kayaki yake kwenye roshani aulizie Naivasha, lakini aulize kwanza wenyeji viboko wamelala wapi.

Na kama zimekuwa tatu na wewe ni mmoja, panda iliyokaa muda mrefu zaidi bila kuguswa. Ikikufurahisha, ibaki. Isipokufurahisha, iuze kabla haijapauka. Mwambie mnunuzi ufa uko wapi na nani aliuchomelea, mpe kafi linalolingana na urefu wake, mwonyeshe kizibo cha tezi kilipofungwa, na mchukue mwingie majini pamoja, maji ya kifuani, mpaka aweze kujipandisha mwenyewe.